Kabla hujapaka uso mzima: namna ya kujaribu kipodozi kipya cha ngozi au nywele

Mtu akinunua kipodozi kipya kawaida anafungua, ananusa, anapaka uso mzima usiku huohuo, asubuhi akiamka uso haujavimba anasema kiko poa, na akiona unang'aa anasema kinafanya kazi. Hapo kabana maswali mawili kwenye jibu moja. Kuna swali la kama kitu kinadhuru, na kuna swali la kama kinafanya kile kilichoandikwa kwenye chupa, na kila moja lina muda wake. La kwanza linahitaji siku kadhaa, la pili linahitaji wiki mpaka miezi, na ukiona krimu imejibu la pili ndani ya siku nne, yaani madoa yamefutika na uso umeng'aa kama umebadilishiwa, hapo ndo uanze kuogopa.

Anza na lebo

Kama hakuna orodha ya viambato, hakuna jina la aliyetengeneza wala namba ya bechi, usihangaike hata kujaribu. Krimu iliyopakuliwa kwenye kikopo kisicho na jina huna njia ya kuijua kwa kuipaka, hata ikisifiwa vipi.

Ikiwa orodha ipo, isome kutoka juu. Viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kushuka chini, vikifika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaweza kuvipanga anavyotaka. Kuna ujanja mdogo hapa: tafuta phenoxyethanol, ni kihifadhi ambacho sheria ya Ulaya inaruhusu mwisho asilimia 1, kwa hiyo kwenye bidhaa inayofuata sheria hiyo chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi hapo. Sasa ukikuta yale mafuta ya ajabu yaliyochorwa makubwa mbele ya chupa yametajwa mkiani kabisa, nyuma ya kihifadhi na nyuma ya marashi, ujue umelipia picha. Sio kwamba kila kilicho kidogo hakina kazi, retinoli (aina ya vitamini A) inafanya kazi hata ikiwa chini ya asilimia 1, lakini mafuta ya kulainisha nywele kwa kiasi hicho ni ya kusindikiza tu.

Angalia pia kile kichoro cha kopo lililofunuliwa kifuniko chenye 6M au 12M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Andika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa kalamu ya wino, maana baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka.

Halafu kuna vitu ambavyo kuvijaribu mkononi hakusaidii chochote, na hapa naomba usome polepole. Zebaki na steroidi zote zinapita jaribio la mkono bila shida. Steroidi kama clobetasol au betamethasone ni dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kwa hiyo ukiipaka mkononi mkono utapendeza, hakuna kipele hakuna wekundu, na usoni chunusi zitatulia ndani ya siku chache, na ndo maana wauzaji wa mkorogo wanaipenda. Madhara yanakuja baadaye, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi, na ukijaribu kuacha uso unawaka moto. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu ambao kuutoa ni kazi kwelikweli. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na inaharibu figo, na wanaoishi nyumba moja na wewe, watoto hasa, wanaipata kwa kukumbatiwa na kwa taulo mnalochangia. Kwenye lebo inaweza kuandikwa calomel, mercuric iodide, mercurous chloride, ama isiandikwe kabisa. Dalili moja ya kutafuta ni maelekezo yanayosema krimu isigusane na dhahabu, fedha, aluminiamu au raba. Krimu ya kawaida haina ugomvi na pete yako. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka kikomo cha 1 ppm, yaani miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Kuijua kwa uhakika inahitaji maabara, pua na macho havitoshi.

Jaribio la mkono

Kama lebo imepita, sasa paka. Chagua sehemu ya ndani ya mkono chini kidogo ya kiwiko, paka eneo la ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, kiasi kilekile ungepaka ukitumia kawaida. Najua wengi wanapaka mara moja, wanasubiri dakika 20, wanaendelea. Dakika 20 zinakuonyesha kitu kinachochoma, aleji hazikuonyeshi. Aleji ya kugusa inachelewa, mara nyingi inatokea siku moja hadi tatu baada ya kupaka, na kama mwili wako ndo mara ya kwanza unakutana na kitu hicho unaweza kuchukua siku 10 hadi 14 kukizoea vibaya ndo uanze kugoma. Ndo maana siku 7 hadi 10 na sio moja.

Usifunike na plasta. Plasta inabana joto na unyevu, asidi na retinoli zikifunikwa hivyo zitamchoma hata mtu asiye na shida, utaitupa bidhaa nzuri bure. Na vitu vya kuoshwa kama shampuu, kondishena na sabuni ya uso viache kwa muda uleule vinaokaa ukiwa bafuni, kama dakika tano hivi, halafu suuza. Ukiiacha shampuu mkononi kutwa nzima itawasha tu, ni sabuni hiyo.

Unasomaje matokeo? Kitu kinachochoma kwa ukali wake kinaanza mapema, kinauma au kuwaka zaidi ya kuwasha, na alama inabaki palepale ulipopaka. Aleji inawasha sana, inakuja baadaye, vipele vidogo vidogo vyenye maji, na inavuka mpaka wa ulipopaka. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu, unaweza usiuone kabisa, tafuta weusi uliozidi au rangi ya zambarau, pitisha kidole uone kama pana vinundu, pana joto kuliko pembeni, pamekakamaa. Mwanga wa pembeni unaonyesha vinundu vizuri kuliko wa juu.

Mkono ukipita hamia pembeni ya taya au nyuma ya sikio siku tatu nne zaidi, maana ngozi ya uso ni laini kuliko ya mkono. Na kumbuka kupita leo sio cheti cha maisha, mtu anaweza kutumia losheni miaka mitano na mwaka wa sita ikamkataa. Pia wanaweza kubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya chupa. Kihifadhi kinachoitwa methylisothiazolinone kilisumbua watu wengi hivyohivyo mpaka Ulaya ikakipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi.

Neno "asilia" lisikulegeze. Mafuta ya mchaichai, ya lavenda, ya mti wa chai, yote yanaweza kuleta aleji, hasa chupa ikikaa wazi muda mrefu maana hewa inayabadilisha, na maji ya ndimu ukipaka ukatoka juani unaweza kupata malengelenge na madoa meusi ya miezi. Kwa hiyo yapitie mkononi kama krimu nyingine yoyote.

Rangi ya nywele na rilaksa ni habari nyingine

Rangi za kudumu, hasa nyeusi na kahawia, pamoja na ile piko, mara nyingi zina kemikali ya kutia rangi inayoitwa PPD (paraphenylenediamine) au ndugu zake, na hii ni kati ya visababishi vikubwa vya aleji kwenye saluni nzima. Ile karatasi ndani ya boksi inayosema jaribu saa 48 kabla ina historia nyuma yake. Mwaka 1933 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kope na nyusi ikiitwa Lash Lure, ilikuwa na PPD, ikawapofusha wanawake na mmoja akafa, na sheria haikuwa na meno ya kuiondoa sokoni. Sheria ya mwaka 1938 ndo ikatoa meno hayo.

Fuata karatasi ya boksi lako maana kampuni zinatofautiana namna ya kujaribu, nyingine zinataka rangi ichanganywe kwanza nyingine hazitaki. Ila saa 48 zihesabu kweli, na urudie kila unapopaka hata kama mwezi jana ulipaka hiyohiyo. Aleji ya rangi ya nywele haitokei lazima kichwani, utaiona kwenye kope, masikio, shingo na ukingo wa nywele, kope zinavimba mpaka mtu anaamka hafungui macho. Kama uliwahi kuchorwa hina nyeusi mwilini ukawasha au ukavimba, usijaribu rangi hizi nyumbani kabisa. Hina halisi inatoa rangi ya machungwa kwenda kahawia, ikitoka nyeusi tii ndani ya saa moja kuna kitu kimeongezwa, mara nyingi ni hiyo PPD.

Rilaksa usiiweke mkononi kutafuta aleji, ni kemikali ya kuunguza, pH yake ni 12 kwenda juu, na zile zilizoandikwa hazina lai ("no lye", yaani bila sodiamu haidroksaidi) nazo ziko hukohuko juu. Unachojaribu hapa ni nywele. Kata nyuzi chache sehemu iliyojificha, funga kwa uzi, paka, weka saa, suuza muda ulioandikwa ukifika, tumia shampuu yake ya kuzima dawa, halafu lowesha na uvute taratibu. Nywele yenye afya ikiwa imelowa inavutika kidogo na kurudi. Ikivutika kama bigijii na isirudi, au ikikatika mara moja, nywele zako hazina uwezo wa kubeba rilaksa kwa sasa. Na ile imani kwamba ikianza kuwasha ndo inashika, hapana, ikiwasha inaunguza, suuza.

Je, inafanya kazi?

Hapa watu wanadanganyika zaidi, na sio lazima muuzaji awe mwongo. Ngozi na nywele zinabadilika zenyewe kila wakati. Chunusi zinapanda na kushuka, na mtu ananunua dawa pale zimepanda kabisa, kwa hiyo hata angepaka maji zingeshuka. Dawa yake ni kulinganisha upande na upande: mguu wa kushoto losheni mpya, wa kulia ile ya zamani, au nusu kichwa na nusu kichwa. Kitu kipya kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiongeza seramu, sabuni na krimu wiki moja, likitokea zuri au baya hutajua nani kafanya.

Ukitaka kwenda mbali zaidi mwambie mtu akujazie vikopo viwili visivyo na jina, kimoja A kingine B, yeye ajue wewe usijue, akuambie mwisho. Harufu nzuri na bei kubwa vinafanya macho yaone kitu ambacho hakipo, na hii inawapata hata wataalamu, ndo maana majaribio ya maana yanafanywa hivyo.

Kwa unyevu kuna kipimo rahisi ambacho mi nakipenda. Paka muundi mmoja losheni ya kwanza na mwingine ya pili asubuhi baada ya kuoga, jioni piga mstari mwepesi kwa ukucha kila upande. Ngozi kavu inaacha mstari mweupe wa vumbi, iliyoshika unyevu haiachi au inaacha hafifu. Rudia siku kadhaa, maana hali ya hewa inabadilisha mambo. Maabara wanatumia mashine inayopima unyevu kwa umeme na nyingine inayopima maji yanayotoka kwenye ngozi, lakini wazo ni hilohilo.

Picha piga dirisha lilelile, saa ileile, umbali uleule, uso haujapakwa kitu, bila filta. Picha ya kwanza chini ya taa ya njano na ya pili juani zitakuonyesha muujiza hata kwa krimu ya maji matupu.

Muda nao upe haki yake. Unyevu unaonekana ndani ya saa au siku. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa karibu mwezi, kwa hiyo chunusi na madoa vipe wiki 8 hadi 12, na madoa bila kukinga jua ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nywele ndo zenye uongo mwingi kuliko vyote. Nywele za kichwani zinakua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa mwingine pungufu kwa mwingine zaidi. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha sentimita 3 baada ya miezi mitatu ya mafuta yake, hizo angezipata hata asingepaka. Mafuta mengi yakisaidia yanasaidia nywele zisikatike, na hilo unaweza kulipima. Gawa kichwa katikati, upande mmoja mafuta, mwingine bila, na siku ya kuosha fumua na chana kila upande juu ya taulo ambalo rangi yake inapingana na nywele zako. Kusanya zilizotoka uziangalie moja moja. Yenye kijifundo cheupe mwishoni imetoka kwenye shina, imemaliza muda wake, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, kwa hiyo kama ulisuka wiki mbili usishtuke ukikuta rundo. Kipande kifupi kisicho na kijifundo kimekatika, na hivyo vipande ndo unavyolinganisha kushoto na kulia. Vikipungua upande wa mafuta wiki baada ya wiki, hapo una ushahidi.

Zile zinazong'oka na kijifundo kwa wingi mara nyingi chanzo kiko ndani ya mwili, homa kali, kujifungua, msongo, na zinaanza kutoka miezi miwili mitatu baada ya tukio. Nyingi zinarudi zenyewe, na mafuta yoyote aliyokuwa anapaka mtu kipindi hicho yanapata sifa ya bure. Na lile jaribio la kudumbukiza unywele kwenye glasi ya maji kuona kama unazama achana nalo, mafuta kidogo tu juu ya unywele yanaubadilisha jibu.

Karatasi za pH zinafaa kwa shampuu, sabuni na losheni zenye maji. Sabuni ya kipande mara nyingi iko 9 au 10 wakati ngozi iko karibu na 5, hiyo inaeleza kwa nini uso unakaza baada ya kunawa. Mafuta matupu hayana pH, usiyapime.

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, usiipime nguvu yake nyumbani kwa namna yoyote. SPF, ile namba ya kinga ya jua, inapimwa kwenye migongo ya watu wasiopungua 10, kwa taa maalumu, ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi tunapaka robo hadi nusu ya hapo. Wewe jaribu tu kama inawasha, kama inaacha weupe usoni, na kama unaweza kuvumilia kuipaka ya kutosha, maana usipoipaka ya kutosha hiyo namba ya kwenye chupa haikuhusu.

Maneno ya kwenye boksi

"Imejaribiwa na madaktari wa ngozi" maana yake daktari alikuwepo, haikuambii matokeo. "Haileti aleji" Marekani haina tafsiri ya kisheria hata moja. Na "asilimia 90 ya wanawake walikubali", uliza walikuwa wangapi, walilinganisha na nini, na walipimwa au waliulizwa tu wanajisikiaje.

Kama unachanganya mwenyewe na kuuza

Siagi na mafuta matupu hayana shida sana na vijidudu. Ukitia tu maji, au jeli ya aloe, au mchemsho wa majani, umewafungulia bakteria na fangasi mlango, na vitamini E haitakuokoa, ile inazuia mafuta kuchacha, haiui vijidudu. Unahitaji kihifadhi cha kweli kwa kipimo chake, na kujua kama kinatosha ni kazi ya maabara: wanapandikiza vijidudu vitano makusudi, bakteria watatu, hamira ya Candida na ukungu, wanahesabu siku ya 7, ya 14 na ya 28 kuona kama vinakufa. Kipimo hicho kinaitwa ISO 11930, kitaje hivyo ukienda kuulizia. Kunusa na kuangalia hakutoshi kwa sababu losheni inaweza kujaa bakteria ikabaki nyeupe na yenye harufu nzuri.

Nyumbani unaweza kufanya la kukaa: kopo moja mahali pa joto la kama nyuzi 40, jingine kwenye friji, jingine dirishani penye mwanga, miezi mitatu, kila wiki angalia rangi, harufu, kama mafuta yamejitenga na maji, na pH. Usiwape majirani na marafiki kuwa wa kwanza kupaka kitu ambacho hujui vipimo vya viambato vyake. Kampuni zinaanza kwenye karatasi, zinakokotoa kila kiambato kinaingia kiasi gani mwilini, halafu ngozi iliyooteshwa maabara, kwa kuwa Ulaya tangu 2013 hairuhusu kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na mwisho ndo watu wa kujitolea wanabandikwa bidhaa kwenye ngozi mara tisa ndani ya wiki tatu, wanapumzika kama wiki mbili, wanabandikwa tena sehemu mpya. Ile mara ya mwisho ndo inayoonyesha kama kuna aliyepata aleji.

Ikikukataa

Suuza na maji mengi, acha vipodozi vyote vipya sio kimoja tu, usipake kingine cha kutuliza ambacho hukijui. Ulimi au midomo ikivimba, au kupumua kukiwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo. Kama umetumia krimu yenye steroidi kwa miezi usiikate ghafla peke yako, nenda kwa daktari akupangie namna ya kuiacha. Na usitupe chupa kwa hasira. Piga picha ngozi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu nenda nayo kwa daktari wa ngozi na boksi lake, anaweza kukubandika viambato mgongoni saa 48, akasoma, na akakuita tena siku mbili baadaye asome mara ya pili, na siku hiyo ya pili usiikose maana aleji nyingi zinajitokeza hapo, wakati wewe umeshaona mgongo uko safi ukadhani umemaliza.